Mwendo wa Largo ya Vivaldi umo kwenye mvua

Swali: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa nne najifunza fidla, niko Arusha. Mwezi ujao mimi na wenzangu tutapiga Largo, ile sehemu ya katikati ya Majira ya Baridi, koncherto ya Vivaldi (muziki wa fidla moja ya solo na kundi la ala). Nilipitisha rekodi mbili kwenye programu ya simu inayotambua muziki. Ya kwanza ina dakika 2 na sekunde 24. Programu ikaandika ufunguo E flati meja, mwendo 60, hisia: huzuni. Ya pili ina dakika 1 na sekunde 13. Ikaandika D meja, mwendo 118, hisia: uchangamfu. Noti ni zile zile, nimezifuata kwa kidole. Nimfuate nani? Halafu, kama ni majira ya baridi, mbona iko kwenye meja, ufunguo wa furaha, badala ya maina ya huzuni? Jambo la mwisho: hatuna viola, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti ya chini, tuna kinanda cha umeme.

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo simu, maana ndiyo iliyokutia wasiwasi.

Largo hii ni fupi mno. Ina vipimo 18, vile vyumba vya kati ya mstari na mstari, na kila kipimo kina mapigo manne. Zidisha: mapigo 72. Rekodi yako ya kwanza imeyapitia kwa sekunde 144, yaani pigo moja kila sekunde mbili. Ukiweka metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa dakika, hiyo ni 30. Simu imekuandikia 60. Rekodi ya pili imeyamaliza kwa sekunde 73, ambayo ni kama 59 kwa dakika. Simu imekuandikia 118. Utaona kuwa mara zote mbili imefanya jambo lile lile: imehesabu nusu pigo ikadhani ni pigo zima. Programu hizi hukamata sauti inayoanza ghafla, na katika muziki huu kinachoanza ghafla ni ile midonoo, nyuzi zinazodonolewa kwa kidole. Haijui kwamba mwandishi ameandika mapigo manne kwa kipimo. Kwa hiyo futa 60 na 118 kichwani, weka 30 na 59. Tofauti bado ni kubwa, karibu mara mbili, na hiyo ndiyo ya kuzungumza.

Suala la E flati na D ni jepesi zaidi. Rekodi ya pili bila shaka ni ya wanaotumia ala za mtindo wa kale, wenye nyuzi za utumbo na pinde za umbo la zamani. Wengi wao siku hizi hutyuni noti ya A kwenye mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440. Sasa 415 ni sawasawa na A flati ya kinanda chako, kwa hiyo kila noti wanayopiga inashuka nusu hatua. Wanasoma E flati, wanabonyeza vidole vya E flati, na simu yako iliyofundishwa 440 inasikia D. Ajabu yenyewe ni kwamba Vivaldi mwenyewe huenda asingeitambua hiyo 415. Venice ya wakati wake ilijulikana kwa tyuni ya juu, karibu na yetu ya leo, wakati Roma na Paris walikuwa chini zaidi. Hiyo 415 ni makubaliano ya wapigaji wa karne ya 20, kwa sababu inarahisisha mambo: nusu hatua kamili. Usijaribu kupiga pamoja na rekodi hiyo bila kulegeza nyuzi zako. Utadhani sikio lako limeharibika.

Ufunguo ni E flati meja basi, hilo lisikusumbue tena. Tuje kwenye mwendo.

Namba yoyote ya metronomu uliyoiona kwenye karatasi zako ni ya mhariri. Maelzel aliisajili metronomu mwaka 1815. Koncherto hizi zilichapishwa Amsterdam mwaka 1725 na Michel-Charles Le Cène, na Vivaldi alifariki Vienna mwaka 1741. Alichotuachia yeye ni neno moja tu, Largo.

Na neno hilo kwa Kiitaliano maana yake ni pana. Walimu wengi, mimi nikiwamo kwa miaka mingi, tumekuwa tukiwaambia wanafunzi kuwa Largo ni "polepole kabisa", tunalipanga chini ya Adagio kwenye ile orodha ya ukutani, tunapita. Orodha ile ni ya baadaye. Enzi za Baroki, yaani zama za Vivaldi, kila mtu alikuwa na yake. Henry Purcell, alipochapisha sonata zake London mwaka 1683 akisema wazi kuwa anawafuata Waitaliano, aliwaeleza Waingereza wenzake kwamba Adagio na Grave ni mwendo wa polepole sana, lakini Largo ni mwendo wa kati. Wa kati! Miaka 20 baadaye Mfaransa Brossard, kwenye kamusi yake ya muziki ya 1703, akasema Largo ni polepole sana, kama mtu anayeupanua mpigo. Wote wawili walikuwa wanaeleza neno lile lile la Kiitaliano, Vivaldi akiwa hai.

Kuna mwingine, Quantz, mwalimu wa filimbi wa mfalme Frederick wa Prussia. Kitabu chake cha 1752 ndicho kinachotupa kitu kinachokaribia namba. Aliupima mwendo kwa mapigo ya moyo, 80 kwa dakika, na akabainisha moyo wa nani: mtu mzima wa afya, mchangamfu, baada ya chakula cha mchana. Kwa Adagio ya kuimbika alitaka mpigo mmoja wa moyo kwa kila nusu pigo la muziki. Ukihesabu, hiyo ni 40 kwenye metronomu yako, na Largo yetu ingechukua dakika 1 na sekunde 48. Kwa Adagio nzito kabisa alitaka mara mbili ya hapo, yaani 20, na hapo tungekaa dakika 3 na sekunde 36. Jaribu ya pili uone kama kuna atakayebaki kitini. Quantz alikuwa Mjerumani, tena wa kizazi kilichomfuata Vivaldi, kwa hiyo sikuletei kama sheria. Nimekuletea uone kuwa hata ukienda kwa wazee wenyewe unapata kati ya 20 na mwendo wa kati. Rekodi zako zote mbili zinapata shahidi.

Ndiyo maana nasema neno Largo peke yake halitakusaidia. Sogea karibu na karatasi, utazame nani anapiga nini.

Juu kabisa kuna fidla yako ya solo, yenye wimbo ulionyooka, wa kuimbika hata bafuni. Chini yake fidla za kwanza na za pili hazishiki upinde. Zinadonoa kwa kidole, noti za robo pigo, nne kwa kila pigo, tangu mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika. Viola inashika noti ndefu kwa upinde, tulivu. Na koncherto hii ilichapishwa na soneti, shairi la mistari 14, ambalo mtunzi wake hajulikani. Wapo wanaoamini ni Vivaldi mwenyewe. Katika barua ya kumtunukia Count Morzin kitabu hicho, Vivaldi alieleza kuwa Count alikwisha kuzisikia koncherto hizi za majira zamani, na kwamba sasa ameziongezea soneti ili mambo yaeleweke. Mistari miwili ndiyo ya Largo hii. Kwa Kiswahili changu cha haraka:

kupitisha kando ya moto siku za utulivu na kuridhika,
huku nje mvua ikiwalowesha watu mia.

Hiyo midonoo ndiyo mvua. Solo ni mtu aliyeketi ndani, moto unawaka. Sasa rudi kwenye hesabu. Kwenye rekodi yako ya kwanza, ya 30, kila fidla inadondosha matone mawili kwa sekunde. Fumba macho uhesabu: tone, tone, sekunde; tone, tone, sekunde. Hiyo kwangu ni bomba la jikoni ambalo fundi hajaja kulifunga. Noti ya kudonoa haina maisha marefu. Kidole kikishaachia uzi, sauti inakufa pale pale. Ukiipa nafasi kubwa, katikati panabaki kimya, na sikio linaanza kusikia tone moja moja badala ya mvua. Shairi linasema watu mia wamelowa. Bomba halilowezi watu mia.

Kwenye rekodi ya pili, ya 59, yanakuja karibu matone manne kwa sekunde kwa kila fidla. Hapo unasikia mvua kweli, ile ya bati, ambayo ikianza mnainua sauti ndani ya nyumba. Lakini kuna wanaoizidisha mpaka yule mtu kando ya moto anaonekana ana haraka ya kuwahi daladala. Nikolaus Harnoncourt na kikundi chake cha Vienna, Concentus Musicus, walipoitoa rekodi yao miaka ya 1970, mke wake Alice akipiga solo, watu wengi walishtuka kwa sababu walikwishazoea Largo ya kubembeleza, kama ile ya kikundi cha I Musici na mpiga solo wao Félix Ayo ya miaka ya 1950. Mimi mwenyewe nilishtuka. Niliizima. Mwaka mmoja baadaye nikairudia na nikajikuta nasikiliza kile kilicho chini ya wimbo kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeupiga wimbo huo mara nyingi nisizozikumbuka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kipuuzi kidogo: usianze na solo. Mwambie mwenzako anayepiga fidla ya kwanza adonoe peke yake, ninyi mkae kimya. Aanze polepole, aongeze taratibu, mpaka mahali ambapo matone yanaacha kuwa matone na kuwa mvua. Mtapajua wote kwa pamoja, nakuhakikishia, mtatazamana. Hapo weka metronomu uone ni ngapi. Vikundi vyangu vingi vimeangukia kati ya 44 na 52. Kisha wewe uingie na wimbo wako juu ya mvua hiyo, na ujaribu kuimba kwanza kwa mdomo, siyo kwa upinde. Kama sentensi inakukatia pumzi, ongezeni kidogo. Kama maneno yanakanyagana, punguzeni. Wimbo hauruhusiwi kuivuruga mvua. Unaruhusiwa kuchelewa kidogo juu yake hapa na pale, kama mtu anayesimulia bila haraka, lakini wale wa kudonoa wasikungoje. Wakikungoja tu, mvua imekuwa na adabu, na hakuna mvua yenye adabu.

Ukumbi nao una sauti yake. Kanisa la sakafu ya vigae na dari refu litayaunganisha matone hata kwa 42. Ukumbi wa shule wenye mapazia utayameza, mtahitaji 50 na zaidi. Msiamue namba sebuleni mkaenda nayo kama hukumu ya mahakama.

Nikukumbushe jambo moja la kuchekesha. Miaka fulani tuliombwa tuipige Largo hii harusini, bibi harusi akiingia. Tuliizoea kwenye 54, na 54 tukapiga. Mapigo 72 kwa 54 ni sekunde 80. Bibi harusi alikuwa na gauni lenye mkia mrefu na shangazi wawili wa kuushika. Tulipomaliza alikuwa hajafika hata safu ya tatu. Tukarudia. Tukarudia tena. Mara ya tatu mpiga chelo alishaanza kucheka. Nakusimulia kwa sababu Largo ya 30 unayoisikia kwenye redio na harusini mara nyingi imezaliwa na mahitaji ya namna hiyo, ya kutembea, ya filamu, ya matangazo. Si kosa, ni kazi nyingine.

Sasa kwa nini meja? Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na jibu la haraka ni kwamba Largo haihusu baridi. Inahusu kutokuwa kwenye baridi. Sehemu ya kwanza ya koncherto iko F maina: watu wanatetemeka thelujini, wanakanyaga miguu chini wapate joto, meno yanagongana. Ya tatu inarudi F maina: mtu anatembea juu ya barafu kwa hofu, anateleza, anaanguka, pepo zinapigana. Katikati mlango unafungwa na unakuwa ndani. (Wapo wanaoutafsiri wimbo huu "Kipupwe". Silipendi tafsiri hiyo. Kipupwe cha pwani ni upepo mzuri na shuka la pili kitandani, hakuna aliyewahi kugonganisha meno Tanga. Ninyi wa Arusha mwezi wa Julai mnaweza kubisha.)

Lakini angalia ni meja ipi. F maina ina ndugu yake wa kawaida, A flati meja, wanaotumia noti zile zile zote. Vivaldi angeweza kwenda huko bila jasho. Akaenda E flati. Ziandike noti za funguo mbili hizi sambamba: F maina ni F, G, A flati, B flati, C, D flati, E flati. E flati meja ni E flati, F, G, A flati, B flati, C, D. Ni noti moja tu iliyobadilika: D flati imekuwa D. Sasa ichukue fidla yako. Nyuzi zako wazi ni G, D, A na E. Ndani ya F maina, ukiacha E inayopita kama noti ya kuongoza, uzi wazi ulio nyumbani ni G peke yake. Ukiingia E flati, D inafunguka. Uzi wa pili kutoka chini, uliokuwa umebanwa ndani ya F maina, unapata ruhusa ya kulia. A na E bado zimefungwa, kwa hiyo fidla haiwi na ile sauti ya kung'aa ya Majira ya Kuchipua, koncherto ya kwanza ya kitabu hicho, iliyo kwenye E meja ambako uzi wa E na wa A vinavuma vyenyewe hata usipovigusa. Hapa unapata joto bila mwanga mkali. Moto, siyo jua.

Jaribu leo jioni. Piga skeli ya E meja, kisha E flati meja, pole pole, sikio likiwa karibu na ubao. Ile ya kwanza fidla inajibu, kama chumba kisicho na fanicha. Ya pili kama mtu ametandika mkeka. Tofauti hiyo haiko kwenye kinanda chako cha umeme, ambacho kwake funguo zote ni sawa. Iko kwenye mbao na nyuzi.

Nasisitiza hivi kwa sababu utakutana na orodha za hisia za funguo, kwenye vitabu na mtandaoni, zinazokuambia kila ufunguo una tabia yake ya kudumu. Charpentier wa Ufaransa, karibu mwaka 1690, aliandika kuwa E flati meja ni katili na kali. Mattheson wa Hamburg mwaka 1713 akasema ni ya huzuni na uzito, haipatani na anasa hata kidogo. Schubart wa Ujerumani, aliyeandika miaka ya 1780, akasema ni ya upendo na ibada, na zile alama tatu za flati za ufunguo huo ni Utatu Mtakatifu. Ukatili, uzito, upendo. Chagua. Ukienda na orodha ya Charpentier kwenye Largo ya Vivaldi utamkuta yule bwana kando ya moto anapanga mauaji.

Tyuni za vinanda vya zamani zilichangia mkanganyiko huo. Mtindo uliotumika sana ulifanya funguo zenye flati nyingi zikwaruze, kwa kuwa tyuni ilitengenezwa izipendeze zile zenye chache. F maina ilikuwa miongoni mwa zile za kukwaruza, jambo lililomfaa Vivaldi kwa meno yanayogongana. E flati ilikuwa na nafuu. Hivyo masikio ya 1725 huenda yalisikia nafuu hiyo kwa nguvu kuliko sisi. Waliopiga taarabu watanielewa haraka: maqamu, ule mpangilio wa noti za wimbo, ina tabia yake, lakini inayotangulia na inayofuata ndiyo inayoamua utaisikiaje. E flati ya Largo inapendeza kwa sababu umetoka F maina, na kwa sababu unajua unarudi.

Ndiyo maana siwezi kukubali neno "huzuni" la simu yako, wala "uchangamfu". Programu imesikia polepole na kimya ikasema huzuni. Imesikia haraka na midonoo ikasema uchangamfu. Haijasikia kwamba kuna watu wawili katika muziki huu, mmoja ndani na mia nje. Neno ninalolitumia darasani ni stara. Amestirika. Kuna ukuta na kuna paa, na mvua inaufanya ukuta uwe mtamu zaidi. Na kama una roho utawakumbuka wale mia kidogo, hasa wimbo unapotoka E flati kwenda B flati katikati, mahali ambapo mimi huwa naona kama mtu ameinuka akachungulia dirishani, kisha akarudi kukaa. Hilo la dirisha ni langu, hulikuti kwenye shairi.

Kuhusu mapambo: Waitaliano walitarajia mpigaji aongeze yake kwenye sehemu za polepole. Sonata za mpiga fidla Corelli za 1700 zilichapwa tena Amsterdam mwaka 1710 zikiwa na mapambo yaliyosemwa kuwa ya mkono wake, na mpiga fidla Pisendel wa Dresden, aliyejifunza kwa Vivaldi Venice mwaka 1716 na 1717, ameacha karatasi za namna hiyo. Una haki, basi. Ila kwenye Largo hii jizuie. Wimbo umekwisha kupambwa tayari na Vivaldi, vipimo ni 18 tu, na kwa 48 huna nafasi ya maua mengi. Kitetemeshi kimoja, yaani noti mbili jirani zikipokezana haraka, kabla ya mwisho wa sentensi kinatosha. Ukiona unahitaji mapambo mengi ili isichoshe, mwendo wako ni wa polepole mno. Rudi kwenye mvua.

Tumalizie na viola. Watu wengi wakikosa viola huona ni hasara ndogo, kwani noti zake ni ndefu na rahisi. Hapana. Midonoo yote inakufa, solo inapumua kati ya sentensi. Kitu pekee kisichokatika ndani ya chumba hicho ni viola. Ndiyo makaa. Kwa hiyo kinanda chenu kisipige mvua, hata kama mpigaji ana vidole vyepesi na anatamani. Mpe noti za viola tu, mkono mmoja. Achague sauti ya ogani laini, siyo ile iliyoandikwa "strings", ambayo itagombana na nyuzi zenu za kweli. Sauti iwe chini kiasi kwamba ukisimama mlangoni huisikii mpaka anyamaze. Mjaribu hivi kwenye mazoezi: apige vipimo vinne, kisha aache ghafla ninyi mkiendelea. Kama baridi imeingia, alikuwa anapiga sawa.

Na wale wa kudonoa wasiweke pinde sakafuni. Waweke mapajani. Sehemu ya tatu ya koncherto inaanza na solo peke yake juu ya F moja ndefu ya besi, kwa hiyo nafasi ya kuziokota wanayo, lakini upinde ukidondoka pale, juu ya barafu, ukumbi mzima utausikia.